Kishikwambi kinachosema: tathmini ya dada mtu

Tathmini nyingi za vifaa hivi huandikwa na wazazi au wataalamu wa tiba ya usemi. Mzazi huuliza kama mtoto ataweza kuomba maji na kuonyesha anapoumwa. Mtaalamu huangalia idadi ya maneno na mpangilio wa vitufe. Mimi ni dada mtu, nimekua pamoja na mdogo wangu mwenye mtindio wa ubongo, na swali langu kwa kifaa chochote cha mawasiliano ni hili: anaweza kugombana na mimi kwa kukitumia? Anaweza kunitania, kunisemea kwa mama, kunikatiza, kuninong'oneza siri, kunifukuza chumbani? Kama hawezi, basi amepewa kengele ya kuitia wahudumu tu.

Ninachokitathmini ni vitu vitatu vinavyokwenda pamoja: ubao wa karatasi wenye picha na maneno, kishikwambi chenye programu ya kuzungumza, na bamba la plastiki lenye matundu linalofunika kioo cha kishikwambi hicho. Programu siitaji jina, kwa sababu tumepitia zaidi ya moja na mengi nitakayoyasema utayakuta karibu kwenye zote.

Kwanza mumjue mtumiaji. Mtindio wa ubongo hutokana na jeraha au hitilafu iliyoupata ubongo ungali unakua, na kila mtu humjia kwa namna yake. Kwa mdogo wangu, mikono na ulimi ndivyo visivyomtii. Akitaka kupeleka mkono kushoto, mkono unaweza kupanda juu kwanza, ukazunguka, ndipo ufike. Midomo nayo ni hivyo hivyo, ndiyo maana maneno hayatoki. Lakini kuelewa, anaelewa kila kitu, tangu mdogo kabisa, pamoja na yale ambayo watu wazima walidhani wanayasema kwa mafumbo mbele yake. Kabla ya kifaa chochote alikuwa na macho. Akiangalia juu ni ndiyo, akiangalia pembeni ni hapana.

Macho hayo ndiyo yaliyonipa kazi ya ukalimani. Mgeni akimsikia ametoa sauti alinigeukia mimi: "Anasema nini?" Nilijua sauti ya kuchoka, ya kuudhika, na ile ya kicheko kinachoanza kabla jambo lenyewe halijatokea. Nilikuwa naitwa kutoka nje, katikati ya mchezo, nije nitafsiri, na nilikuja mbio kwa sababu nilijivunia kuijua lugha ambayo wakubwa wote mle ndani hawakuijua. Watoto wengi wenye ndugu kama wangu wanaifahamu kazi hii. Ila mkalimani wa ndiyo na hapana anabeba kitu kikubwa mno kwa umri wake: yeye ndiye anayechagua kitakachozungumzwa. Nikiuliza "Unataka kutoka nje?" atanijibu. Nisipouliza kuhusu ndoto aliyoiota usiku, ndoto hiyo haitasimuliwa kamwe. Mtoto anaweza kukua akijibu maswali ya wenzake kila siku bila kuuliza hata moja la kwake.

Tulianza na ubao wa karatasi, na mpaka leo naupenda kuliko kingine chochote. Wa kwanza tuliutengeneza kwa kufuata orodha ya maneno 36 iliyoandaliwa na mradi wa Project Core wa Chuo Kikuu cha North Carolina huko Chapel Hill, Marekani, ambayo mtu anaipakua bure. Ukiitazama mara ya kwanza unaweza kushangaa. Hakuna "maji", hakuna "choo". Kuna "zaidi", "acha", "tofauti", "nani", "wapi", "kwa nini", "yeye", "kwenda". Sababu ni kwamba maneno mia chache ya namna hii ndiyo yanayobeba takriban asilimia 80 ya mazungumzo yetu ya kila siku, na yanatumika popote. "Maji" yatakusaidia ukiwa na kiu. "Zaidi" itakusaidia kwenye kinywaji, kwenye bembea, kwenye hadithi na kwenye kutekenywa.

Kwa kuwa kidole chake hakikuwa kinafika kwenye picha ndogo, tulitumia njia ya kumtembezea. Napitisha kidole mstari kwa mstari, "Mstari huu? Huu?", akiangalia juu nasimama, kisha naenda neno kwa neno mpaka aangalie juu tena. Ni polepole. Jioni moja alichagua "kwa nini", peke yake, bila kitu mbele wala nyuma. Mama aliacha kukunja nguo akaanza kubahatisha. Kwa nini baba hajarudi? Pembeni. Kwa nini hatukutoka leo? Pembeni. Kwa nini nini sasa, mwanangu? Nikarudisha kidole juu ya ubao na kuanza upya. Akachagua "yeye", macho yakanitazama mimi. Kisha "kwenda". Kwa nini yeye anakwenda. Nilikuwa natoka kila asubuhi na sare yangu na begi langu, yeye anabaki mlangoni, na muda wote huo hapakuwa na mtu aliyemweleza ni kwa nini. Mama alikaa chini akamjibu kama anavyojibiwa mtu aliyeuliza swali. Suala la yeye naye kwenda shule lilianza kuzungumzwa kwa uzito nyumbani kwetu kuanzia hapo, na aliyelianzisha ni yeye.

Kwa karatasi na gundi, hayo si madogo. Ubao hauhitaji chaji, haufi ukimwagiwa maji, unaingia bafuni na kitandani, na ukipotea unachapisha mwingine. Kasoro yake ni kwamba hauna sauti, kwa hiyo anayezungumza bado anahitaji mtu aliyekaa karibu, anayetazama, mwenye subira. Mtu akiwa amempa mgongo, hawezi kumwita.

Hapo ndipo kishikwambi kinapoingia. Kitu cha kwanza alichokifanya nacho kwa hiari yake, baada ya kukizoea, kilikuwa kuniita kutoka chumba kingine. "Dada." Nikaja. "Nenda." Nikaondoka. "Dada." Nikaja tena. Alicheka mpaka mwili wote ukakakamaa na ikabidi mama amshike. Nilikwenda na kurudi kadiri alivyotaka, maana hakuwahi kabla ya siku ile kuwa na uwezo wa kumsumbua mtu aliye mbali.

Bamba la matundu ndilo lililowezesha haya yote, na ningependa lisifiwe kuliko linavyosifiwa. Ni plastiki ngumu, angavu, inayokaa juu ya kioo, yenye tundu juu ya kila kitufe. Bila bamba, mkono wake ukitua kwenye kioo unabonyeza vitufe vitano kwa mpigo. Likiwepo, anaulaza mkono mzima juu ya plastiki, anaupumzisha, anauburuta mpaka kifundo cha kidole kiingie kwenye tundu analolitaka, na hapo tu ndipo kitufe kinapoguswa. Ukikaa chumba cha pili unasikia plastiki ikikwaruzwa, kimya kidogo, kisha neno. Pamoja na bamba, ingia kwenye mipangilio ya programu utafute sehemu ya muda wa kushikilia, yaani kitufe kihesabike pale tu kidole kinapokaa juu yake kwa muda fulani, na sehemu ya kuzuia marudio ili kutetemeka kwa kidole kusilete "mama mama mama mama". Tuliurekebisha muda huo kidogo kidogo. Mrefu mno unamchosha, mfupi mno unamsemesha asiyoyakusudia.

Sasa malalamiko, na langu kubwa ni hili. Programu zilikuja zimejaa maneno ya kuhudumiwa. Ukurasa wa chakula, wa choo, wa maumivu, wa usafi, na wa hisia wenye nyuso za mviringo zinazocheka na kulia. Yote yanahitajika. Lakini tulipekua kurasa hizo mimi na yeye bila kupata "niache", "zamu yangu", "si kweli", "nilikwambia", "umeanza wewe", "usimwambie mama". Aliyezipanga alimfikiria mtoto na mtu anayemtunza. Ndugu hakuwamo. Na ndugu ndiye mtu wa kwanza ambaye mtoto hujifunza kwake kubishana, kupatana, kudanganya kidogo na kugunduliwa. Haya yote kwangu ni lugha ya lazima kama kuomba maji.

Tukatengeneza ukurasa wetu. Kwa picha tulitumia za ARASAAC, mkusanyiko mkubwa unaotolewa bure na serikali ya jimbo la Aragon nchini Hispania kwa matumizi yasiyo ya biashara. Yeye ndiye aliyechagua picha, mimi nikaandika maneno. Kwa "niache" alikataa kila mchoro wa uso uliokasirika, akachagua mkono ulioinuliwa. Ukurasa huo ndio ulioleta ugomvi wetu wa kwanza wenye pande mbili, kuhusu nani akae dirishani kwenye gari, na alishinda kwa hoja: "Jana wewe. Leo zamu yangu." Mama alitusikia kutoka kiti cha mbele akanyamaza, hakutuamulia. Miaka yote kabla ya hapo nilikuwa naambiwa nimwachie kwa sababu anaumwa. Safari hii nilimwachia kwa sababu alikuwa na haki.

Jambo jingine ni lugha. Programu nyingi zimejengwa kwa lugha ambazo nafsi, wakati na kitendo hukaa kila kimoja peke yake, kila kimoja na kitufe chake. Ukizitafsiri hivyo hivyo, mtoto anabonyeza mara tatu na kutoa "mimi taka enda", sentensi ambayo hakuna anayeisema nyumbani kwake. Dawa tuliyoipata ni kuweka umbo zima kwenye kitufe kimoja: nataka, sitaki, naenda, nimemaliza, bado. Vitufe vinaongezeka, lakini mtoto anasema kama watu wa kwao wanavyosema, na kwa mtu ambaye kila kubonyeza ni kazi ya mwili mzima, kuokoa hata mbonyezo mmoja katika kila sentensi ni nafuu kubwa.

Kuhusu sauti, programu ilikuja na ya mwanamke mtu mzima, naye alikuwa mvulana. Ilikuwa ajabu kusikia "Dada, niache" kwa sauti ya mwalimu wa darasa. Binamu yetu wa rika lake akajitolea kurekodi maneno yanayotumika zaidi, tukayaingiza kitufe kwa kitufe. Baadaye sauti ya binamu ikavunjika, na milio ya mdogo wangu mwenyewe, ile inayotoka kooni, nayo ikawa nzito. Akatuandikia kwa herufi, moja baada ya nyingine: "nami". Ikabidi binamu arekodi upya orodha nzima. Wasiojua watasema hilo ni pambo. Mwanafizikia Stephen Hawking alipoteza uwezo wa kusema mwaka 1985, akapata sauti ya kompyuta, na teknolojia ilipoleta sauti bora zaidi alikataa kubadilisha, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa imeshakuwa yake. Mwacheni mtumiaji achague mwenyewe, na muwe tayari kubadilisha akibadilika.

Kasoro za kiufundi zipo. Juani kioo hakisomeki. Betri hufa wakati mbaya, na betri ikifa mtu anabaki bubu, kwa hiyo msitoke nyumbani bila ubao wa karatasi kwenye begi. Lililonikasirisha zaidi ni sasisho lililojiingiza lenyewe usiku na kuvifanya vitufe kuwa vidogo kidogo. Kwa macho hata hukuona tofauti. Lakini matundu ya bamba yakawa yanaangukia kwenye mipaka kati ya kitufe na kitufe. Asubuhi alikuwa anaburuta mkono mahali pale pale alipouzoea na kifaa kinasema neno la jirani. Mikono ya mtu kama yeye inakumbuka njia, kama vile vidole vyako vinavyoijua namba ya siri ya simu yako, na njia hiyo ilimgharimu kuijenga. Zimeni masasisho ya kujiendesha na muwe na nakala ya mpangilio wenu mahali salama. Waliotengeneza programu ile tuliwaandikia, na jibu lao lilikuwa la shukrani tu.

Kuna kipengele kingine ambacho wengi hawakioni. Programu nyingi huhifadhi kumbukumbu ya kila kilichosemwa, ili mtaalamu apime maendeleo. Nia ni njema. Lakini fikiria maneno yako yote ya wiki, ugomvi na umbea na mambo uliyomwambia ndugu yako usiku, yakisomwa na mama na mwalimu. Tulimuuliza anataka nini, akasema izimwe, tukaizima. Mtaalamu akihitaji kupima, wanakubaliana siku na inawashwa kwa muda huo.

Kifaa hiki pia hakimfai mtu ambaye familia yake inakitazama tu. Anayetarajiwa kusema kwa picha lazima awaone wengine wakisema kwa picha, kama mtoto yeyote anavyosikia maneno muda mrefu kabla ya kutamka la kwanza. Wazazi walichoka haraka, na siwalaumu, walikuwa na mengi. Sisi watoto ndio tuliofaa kwa kazi hiyo kwa sababu tulikuwa tunacheza. Nikicheza kujificha nilikuwa nabonyeza "wapi" huku nikimtafuta mahali ambapo kila mtu anamwona. Nikishindwa mchezo nabonyeza "tena". Ndivyo alivyojifunza, na mimi mwenyewe nilikuwa nafurahi kwa dhati.

Bibi alikuwa na hofu ambayo nimeisikia kwa watu wengi: akizoea mashine, mdomo hautafanya kazi kabisa. Tafiti haziungi mkono hofu hiyo. Mwaka 2006 watafiti Millar, Light na Schlosser walichapisha mapitio ya tafiti kuhusu jambo hili hili. Katika kesi 27 zilizokuwa na ushahidi madhubuti, hakuna hata moja ambayo usemi ulipungua, na asilimia 89 zilionyesha usemi umeongezeka, ingawa mara nyingi kwa kiasi kidogo. Mdogo wangu hakuanza kutamka sentensi, lakini ana "ee" ya kukubali na "aa" ya kukataa zinazosikika hata kwa mgeni, na hakuwa nazo zamani.

Nasema na hili kwa shule, bila kutaja yoyote. Kipindi fulani kishikwambi kilikuwa kinafungiwa kabatini darasani mpaka saa ya somo la mawasiliano, kwa usalama wake. Baba alikwenda na nakala ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ibara ya 21 ikiwa imepigiwa mstari, inayozungumzia haki ya mtu kujieleza kwa njia ya mawasiliano aliyoichagua mwenyewe. Kabati likafunguliwa. Mzazi yeyote anaweza kufanya vivyo hivyo, na ndugu mkubwa pia anaweza.

Kuna kitu kimebadilika upande wangu. Tangu utotoni watu wamekuwa wakiniambia, kwa upendo, kwamba siku wazazi wakiondoka nitamchukua mimi. Nilikuwa naitikia, na sentensi hiyo ilikuwa inalala na mimi kitandani. Mwaka ambao wazazi walilizungumza rasmi, sote mezani, yeye alikuwa na kishikwambi mbele yake. Tulimsubiri. Plastiki ilikwaruzwa muda mrefu. "Karibu na dada. Nyumba yangu. Dada anabisha hodi." Sijui wengine walisikia nini. Mimi nilisikia mtu anayepanga maisha yake, na kwa mara ya kwanza mpango huo haukuwa wangu kuubeba peke yangu.

Hata sasa, mgeni akija, kuna anayenigeukia na kuuliza anasema nini. Mara nyingi kabla sijafungua mdomo kifaa kinasema "Subiri", neno tuliloliweka kona ya juu kulia ambapo mkono wake unafika upesi zaidi. Wekeni neno hilo mapema. Watu wazima wenye haraka hummalizia sentensi, na "Subiri" inawazuia vizuri kuliko mimi nilivyowahi kuwazuia.

Alama zangu: ubao wa karatasi nyota tano kati ya tano. Bamba la matundu tano. Kishikwambi na programu, nne baada ya kukifanyia kazi, mbili tu kwa namna kinavyokuja kutoka kiwandani. Nilimuuliza na mwenyewe atoe maoni yake kwa ajili ya tathmini hii. Amesema: "Nzuri. Polepole. Betri mbaya. Usiguse mpangilio wangu."

Kama mnakaribia kuchukua kifaa cha namna hii, siku ya kupanga vitufe na mtaalamu msiende wazazi peke yenu. Mchukueni na ndugu wa mtoto, hata kama ana miaka saba, mpeni kiti karibu na kioo, na mmuulize wanapogombana huwa wanagombania nini. Maneno atakayoyataja yaingizwe siku hiyo hiyo.